Nyumba Njema si Mlango: Mgeni Akifika Lima

Tarehe 18 Januari 2025, mji wa Lima, makao makuu ya Peru, ulitimiza miaka 490 tangu uasisiwe na Wahispania. Katika sherehe za siku hiyo meya wa wakati huo, Bwana Rafael López Aliaga, aliirudisha karibu na uwanja mkuu wa mji sanamu ya Francisco Pizarro, yule mtekaji aliyeiangusha dola ya Wainka na kuuasisi mji huo mwaka 1535. Ni sanamu ya shaba: Pizarro yu juu ya farasi, kofia ya chuma kichwani, upanga mkononi. Mgeni wa heshima alitoka Madrid, naye ni Bibi Isabel Díaz Ayuso, kiongozi wa jimbo la mji huo. Wako waliopiga makofi siku hiyo, na wako waliolaani kwa sauti kubwa.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi aweza kuuliza: sanamu ya Peru yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, tena si kidogo. Ngome yetu ya Mombasa, Fort Jesus, ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, wakati Ureno na Hispania zilipokuwa chini ya mfalme mmoja, Felipe wa Pili. Mfalme aliyekuwa akitawala Lima ndiye huyo huyo ambaye kwa jina lake mawe ya ngome yalipandishwa hapa kwetu. Aidha, sisi nasi ni watu wa miji ya kale inayotazamwa na watalii. Malindi ina mnara wake wa Vasco da Gama, wenye msalaba juu, na kila mwaka wageni hupiga picha hapo. Swali linalowasumbua watu wa Lima ndilo linalotukabili sisi: mji wa kale ni wa nani, na kumbukumbu ya mji hukaa wapi?

Wazee walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Makala haya yataka kumshika mkono mgeni anayekwenda Lima na kumwingiza ndani, kwani akibakia mlangoni atakutana na Pizarro peke yake.

SANAMU ISIYO NA KITUO

Tuanze basi na huyo wa mlangoni. Sanamu hii ilisimamishwa mwaka 1935, mji ulipotimiza miaka 400, mbele ya kanisa kuu. Haikukaa. Mwaka 1952 iliondolewa hapo ikapelekwa kwenye kiwanja kidogo jirani. Mwaka 2003 meya mwingine, Luis Castañeda Lossio, aliing'oa, na mwaka uliofuata ikawekwa katika bustani iliyo kando ya mto, penye mabaki ya ukuta wa kale wa mji. Ikakaa huko miaka ishirini, ndipo ikarejeshwa mwaka 2025. Aliyeichonga hakuwa Mperu wala Mhispania, bali ni Mmarekani, Charles Rumsey, na sanamu mwenziwe imesimama Trujillo, mji wa Hispania alikozaliwa Pizarro. Kila meya ana Pizarro wake, na kila zama zina mahali pa kumweka.

Hata maiti yake ina kisa. Pizarro aliuawa Lima tarehe 26 Juni 1541, na waliomwua ni Wahispania wenzake. Tangu mwaka 1891 wageni walikuwa wakionyeshwa kanisani, ndani ya sanduku la kioo, maiti mkavu walioambiwa ndiye. Mwaka 1977 mafundi waliokuwa wakifanya kazi chini ya kanisa hilo walikuta sanduku la risasi lenye fuvu la kichwa na maandishi yenye jina lake. Wataalamu wakachunguza, wakathibitisha kwamba mifupa hiyo ndiyo yake, na yule wa kwenye kioo ni mtu mwingine kabisa. Kwa zaidi ya miaka 80 watalii walisimama kwa adabu mbele ya marehemu asiye yeye. Hivyo ndivyo ilivyo hatari ya kuona kile tu tunachoonyeshwa.

Jina la mji nalo lilimshinda mtekaji. Wahispania waliuita Mji wa Wafalme. Lakini wenyeji wa bonde lile, ambao mtawala wao wakati huo alikuwa Taulichusco, walikuwa na jina lao. Mto upitao hapo huitwa Rímac, neno la Kikechua lenye maana ya yule anayesema. Ndimi za watu zikaligeuzageuza jina hilo likawa Lima, nalo ndilo lililoshika. Mji wa Wafalme umebaki vitabuni, na mto msemaji ungali wasema. Watu wa Mvita wataelewa maneno haya bila ya mkalimani.

ROSHANI ZILIZOVUKA BAHARI

Mgeni akisha kuupa kisogo uwanja mkuu, na ainue macho. Juu ya barabara nyembamba za Lima ya kale zimetokeza roshani za mbao zilizofungwa pande zote, mfano wa makabati makubwa yaliyoning'inizwa ukutani, zenye vimiamba vilivyosukwa kwa ustadi. Aliye ndani humwona apitaye njiani, naye apitaye hamwoni aliye ndani. Upepo wapita, jicho halipiti. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kazi ya dirisha la namna hiyo, na neno letu roshani ni ndugu wa neno walitumialo watu wa Jeddah kwa madirisha yao ya mbao yatokezayo njiani. Nyumba mashuhuri kwa roshani zake huko Lima ni kasri ya Torre Tagle, iliyokamilika mwaka 1735, ambayo leo ni ya Wizara ya Mambo ya Nje.

Ufundi huu ulifikaje mahali ambapo hakuna Mwarabu aliyetia nanga? Jawabu liko Andalusi. Granada, mji wa mwisho wa Waislamu wa Hispania, uliangukia mikononi mwa wafalme wa Kikristo Januari 1492. Waislamu waliobaki chini ya wafalme hao, toka zamani, walikuwa wakiitwa mudéjar, neno lililotoka katika Kiarabu mudajjan, yaani aliyeachwa akakaa, au tuseme aliyefugwa. Maseremala, waashi na mafundi vigae wa watu hao ndio waliopamba makasri na makanisa ya Hispania, na wanafunzi wao Wakristo wakaushika mkono wao.

Sasa sikiliza ajabu yake. Sheria za Hispania zilimkataza Mwislamu, hata aliyebatizwa na kizazi chake, asivuke kwenda Amerika. Kisha kati ya mwaka 1609 na 1614 wale waliosalia Hispania walifukuzwa kwa malaki. Walakini ufundi haukaguliwi bandarini. Mtu alizuiwa, msumeno wake ukapita, na hesabu zake za nyota na mafundo zikapita pia. Katika nyumba ya watawa ya San Francisco, karibu na uwanja mkuu, mgeni atakuta juu ya ngazi kuba ya mierezi iliyosukwa kwa nyota zinazoshikana, kazi ya mwaka 1625, na kuta zenye vigae kutoka Seville. Wenyewe huviita vigae hivyo azulejo, neno la Kiarabu lililovaa nguo ya Kihispania.

Wala si vigae tu. Mtu aliyesoma chuoni utotoni mwake atasikia maneno anayoyajua kila afungapo kinywa muuza duka wa Lima. Sukari ni azúcar. Neno letu hata, kwa maana ya mpaka, ni ndugu wa hasta yao, kwani yote mawili hutoka katika hatta ya Kiarabu. Wakitamani jambo husema ojalá, nalo ni dua iliyobeba jina la Mwenyezi Mungu bila ya wengi wao kujua. Na yule meya aliyemrejesha Pizarro, cheo chake kwa Kihispania ni alcalde, yaani al-kadhi. Mji ulioasisiwa na askari wa mfalme wa Kikatoliki huongozwa, kwa jina, na kadhi.

FITO NA UDONGO

Watu wa Lima huiita mbingu yao tumbo la punda, na watu wa Lamu hawatakosa kuielewa rangi hiyo. Kuanzia Juni hata Septemba ukungu mweupe wa kijivu hufunika mji mchana kutwa, kwa sababu mkondo wa maji baridi uitwao Humboldt hupita baharini hapo. Mvua ni milimita chache tu kwa mwaka mzima, katika mji wenye watu wapatao milioni 10. Kwa hiyo nyumba za kale hazikuogopa mvua. Ziliogopa ardhi iliyo chini yake.

Tetemeko la mwaka 1687 liliubomoa mji. Tarehe 28 Oktoba 1746, usiku, likaja kubwa zaidi. Kati ya nyumba zipatazo 3,000, zilizobaki zimesimama zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Bahari ikajikusanya ikapanda juu ya bandari ya Callao, na katika maelfu ya wakazi wake walisalimika kama 200 tu.

Mji ulisimama tena kwa akili ya nani? Matofali na mawe ya Kihispania yalikuwa yamewaua wenyewe. Wenyeji wa pwani ile, toka kabla ya Wainka, walikuwa na njia ya kujenga kwa fito na matete yaliyosukwa, kisha kukandikwa udongo. Wao huiita quincha. Ukuta wa namna hiyo ardhi ikitetemeka huyumba nao, kisha hurudi mahali pake. Baada ya matetemeko hayo orofa za juu za Lima zikajengwa hivyo, na hata kuba za makanisa makubwa ambazo mgeni hudhani ni za mawe ni fito, udongo na plasta. Mjukuu wa mtekaji alikwenda kusoma kwa mjukuu wa aliyetekwa. Hapa kwetu tumezoea kuiona nyumba ya udongo kuwa ni ya mtu asiye na uwezo. Yafaa tukumbuke kwamba kuna mji mkuu wa nchi uliookolewa na fito.

UKUTA WA MTU WA ANGOLA

Hesabu ya wakazi wa Lima iliyofanywa mwaka 1614 ilipata watu wapatao 25,000, na zaidi ya 10,000 kati yao walikuwa Waafrika. Waliletwa utumwani kutoka Guinea, Kongo na Angola, wakapitishwa Cartagena na Panama. Walijenga, walipika, walilea, walishona, waliuza sokoni. Utumwa haukufutwa Peru mpaka mwaka 1854, na Rais Ramón Castilla ndiye aliyetia sahihi.

Mwaka 1651, katika kitongoji cha Pachacamilla, mtumwa mmoja kutoka Angola alichora juu ya ukuta wa matofali ya udongo picha ya Nabii Isa msalabani, kama dini yake aliyofunzwa ilivyomwelekeza. Tarehe 13 Novemba 1655 ardhi ikatetemeka, majumba ya wakubwa yakaanguka, na ukuta ule mnyonge ukabaki wima. Watu wakaanza kukusanyika hapo usiku, weusi kwa wingi wao. Wakuu wakaona haya hayafai, na mwaka 1671 wakaamuru picha ifutwe. Masimulizi ya mji yasema kila fundi aliyepanda ngazi kuifuta alishikwa na kitetemeshi akashuka. Tetemeko la Oktoba 1687 lilipokuja, nakala ya picha hiyo ilipitishwa mitaani, na toka hapo kila Oktoba Lima huvaa zambarau. Malaki kwa malaki ya watu hufuata maandamano hayo, ambayo ni miongoni mwa makubwa ya kidini duniani. Kanisa la Las Nazarenas limejengwa kuuzunguka ukuta ule, nao ungalipo.

Imani yao si yetu, wala hatuhitaji kuishiriki ili tulione jambo lenyewe. Sanamu ya mtekaji, iliyosimamishwa kwa fedha na amri, imezungushwa mji mzima ikitafuta pa kukaa. Ukuta wa udongo wa mtumwa, ulioamriwa kufutwa, haukusogea hata shibiri moja katika miaka zaidi ya 370. Na jina la mchoraji halina hakika. Wengine humwita Pedro Dalcón, wengine Benito. Kazi imejulikana dunia nzima, mtu mwenyewe amepotea.

Wazao wa Waafrika hao wako mpaka leo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2017, zaidi ya watu 800,000 nchini Peru walijitaja kuwa ni wa asili hiyo. Mwaka 2009 serikali iliwaomba radhi rasmi kwa madhila waliyotendewa. Ngoma yao ya cajón, ambayo ni sanduku la mbao ambalo mpigaji hulikalia na kulipiga kwa viganja, ndiyo roho ya muziki wa pwani ya Peru. Mishikaki yao ya moyo wa ng'ombe, anticucho, huchomwa jioni kandokando ya njia, na harufu yake itamkumbusha mtu wa Mombasa kwao.

JICHO MOJA NJE

Kuna jambo jingine ambalo mama zetu wangependa kulisikia. Kuanzia karne ya 16 hata katikati ya karne ya 19, wanawake wa Lima walikuwa na vazi lao: sketi iliyobana, na shuka iliyofunika kichwa, mabega na uso, wakaacha jicho moja tu nje. Waliitwa tapadas, yaani waliojifunika. Wako wataalamu wanaolihusisha vazi hili na Waislamu wa Andalusi, na wako wanaokataa. Lisilo na shaka ni kwamba wakuu hawakulipenda. Mkutano wa maaskofu wa mwaka 1583 ulilikemea, na mwaka 1624 mwakilishi wa mfalme akatoa amri ya kulikataza. Hawakuliogopa katazo. Mwanamke aliyejifunika alikuwa hatambulikani, aweza kuwa mke wa jaji au mjakazi wake, na hiyo ndiyo iliyowatia wakubwa hofu.

Amri za karne tatu zilishindwa. Kilicholiondoa vazi lile si sheria bali ni fasheni ya Ufaransa, iliyoingia madukani karne ya 19. Tapada wa leo yuko katika michoro ya makumbusho na kwenye vikombe vya kuuzia watalii. Wale wanaodhani vazi la watu hulindwa au huondolewa kwa amri na wasome habari za Lima. Wanaodhani halitaondoka kamwe nao pia wasome.

MGENI NA ADABU ZAKE

Kwa mtu anayekusudia safari, haya ni ya kufaa. Kutoka Afrika Mashariki aweza kupitia Addis Ababa na São Paulo, au njia za Ulaya. Atashukia Callao, katika jengo jipya la uwanja wa ndege wa Jorge Chávez lililofunguliwa Juni 2025. Saa za huko ni nane nyuma ya zetu: adhuhuri ikiingia Mombasa, Lima ni usiku wa manane umekwisha na alfajiri ikaribia.

Kibla asikikisie kwa mazoea. Mombasa twaelekea kaskazini. Lima mtu huelekea mashariki na kuinamia kaskazini kidogo, akiipa bahari mgongo. Waislamu ni wachache mno, ila upo msikiti Lima, mtaa wa Magdalena del Mar, na upo mwingine Tacna, kusini kabisa mwa nchi. Chakula cha salama ni samaki, na Lima ni mji wa samaki. Cebiche yao ni samaki mbichi aliyeivishwa kwa ndimu, pilipili na vitunguu, na hakuna mtu wa pwani asiyejua ndimu na pilipili. Nyama aulize kwanza, kwani mafuta ya nguruwe hutumika katika mapishi mengi. Kinywaji cha mahindi ya zambarau, chicha morada, hakilevi. Chicha de jora hulevya, na majina yao yanafanana.

Usalama nao usidharauliwe. Mwaka 2025 serikali ilitangaza hali ya hatari mjini Lima zaidi ya mara moja, kwa sababu ya magenge yanayowatoza madereva wa mabasi na wenye maduka kwa bunduki. Mgeni hawindwi yeye hasa, bali aongozwe na mwenyeji na asitembee usiku asikokujua.

Liko na moja la adabu. Chini ya San Francisco yako makaburi ya kale, ambamo inakisiwa walizikwa watu 25,000. Mifupa imetolewa ikapangwa kwa miduara, mafuvu kati, mapaja pembeni, na wageni hupitishwa hapo makundi kwa makundi. Kila mtu ataamua mwenyewe. Kwetu sisi maiti ana heshima yake, na ada ya kiingilio haimwondolei heshima hiyo.

MJI WA NANI?

Sasa turudi kwenye swali letu. UNESCO iliiandika nyumba ya watawa ya San Francisco katika urithi wa dunia mwaka 1988, na mwaka 1991 ikaongeza sehemu kubwa ya mji wa kale. Miaka ya 1990 meya Alberto Andrade aliwaondoa wachuuzi waliojaa barabarani, na akawaomba wenye fedha wachukue kila mmoja roshani moja aikarabati. Roshani nyingi zikapona. Lakini roshani ni mlango, na nyumba njema si mlango.

Nyuma ya nyuso zilizopakwa rangi, katika mtaa wa Barrios Altos, jamaa nyingi huishi chumba kimoja kimoja katika majumba yaliyochoka, paa zikidondoka, maji yakiwa ya mfereji mmoja. Jirani yao yako majumba ambayo yameachwa uso tu: wafanyabiashara wamevunja ndani wakafanya maghala. Tarehe 29 Desemba 2001 fataki zililipuka katika soko la Mesa Redonda, na watu karibu 300 wakateketea. Machi 2025 moto uliyashika maghala ya Barrios Altos ukawaka siku kadhaa. Mtalii hakuuona, maana njia yake haipiti huko.

Wala hakuuona ukuta mwingine. Pembeni mwa mji, juu ya vilima, matajiri walijenga ukuta wa zege kilomita kadhaa kuwatenga na mitaa ya maskini. Wenyewe maskini wakauita ukuta wa aibu. Mahakama ya Katiba iliamuru sehemu yake iliyoko kati ya La Molina na Villa María del Triunfo ibomolewe, uamuzi ukatangazwa Januari 2023, na kazi ikaanza mwaka huo.

Mwezi ule ule wa Januari 2023 watu wa milimani, wengi wao wasemao Kikechua na Kiaimara, waliingia Lima kudai haki, baada ya Rais Pedro Castillo kuondolewa Desemba 2022 na wenzao wengi kuuawa kwa risasi huko kusini. Machafuko hayo yaliua watu wapatao 50. Uwanja mkuu ulizingirwa vyuma na askari. Tarehe 19 jengo moja la kale kando ya uwanja wa San Martín likateketea. Siku mbili baadaye Machu Picchu ikafungwa na watalii wakakwama. Kati ya mwaka 2016 na 2025 nchi hiyo ilipata marais saba. Wenye hoteli walilia hasara, nao walikuwa na haki ya kulia. Hata hivyo yafaa kuuliza: uwanja ambao Pizarro anarejeshwa kwa tarumbeta, na mjukuu wa Taulichusco anauzuiwa kwa vyuma, ni uwanja wa nani?

Hapo ndipo Lima inapotufunza sisi. Lamu iliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na Fort Jesus mwaka 2011. Twajivunia, na ni haki yetu. Walakini nyumba ngapi za kale Lamu na Shela zimekwisha kununuliwa na watu wa mbali, mlango wa nakshi ukang'arishwa na mwenye nyumba akahamia pembeni? Mji Mkongwe wa Mombasa nao, orofa ngapi zimebaki uso tu? Mji usio na watu wake ni kama kombe tupu: zuri kuwekwa kabatini, chaza mwenyewe hayumo.

Kazi mbili zatungojea. Halmashauri zetu, zikikarabati nyumba, zimsaidie anayekaa ndani kabla ya kupaka rangi nje, kwa mkopo wa chokaa na boriti, kwani yeye ndiye mlinzi asiye na mshahara. Na sisi wenyewe, kila mwenye mlango wa nakshi au roshani ya babu yake, aulize wazee wangali hai: fundi alikuwa nani, mwana wa nani, alijifunza kwa nani? Aliandike jina hilo katika daftari na kuliweka pamoja na hati ya nyumba. Lima ina ukuta wa mtu wa Angola, lakini haina hakika ya jina lake. Sisi bado tuna nafasi ya kuyajua ya kwetu, maadamu wazee wanaoyakumbuka wangali wakikaa barazani jioni.